Cheti kiko ukutani, bili anabeba mlalahoi

IFUATAYO ni sehemu kubwa ya mazungumzo ya fundi mmoja wa viyoyozi wa jijini Dar es Salaam, aliyoyatoa mbele ya vijana waliokusanyika kumsikiliza Jumamosi jioni. Kwa kuwa bado anapata riziki yake kwa wenye majengo, ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumeheshimu ombi hilo. ENDELEA.



Mwenyekiti aliponiomba nije nizungumze juu ya umeme nilimwambia, bwana, juu ya umeme kila mtu mjini hapa ni profesa. Ukikatika tunapiga kelele, ukirudi tunapiga kelele vilevile. (Kicheko.) Habari za mgawo tumezikariri: mgawo wa 2006, wa 2011, wa 2022. Tunaijua mito iliyokauka na mikataba iliyonuka. Kila siku tunauliza umeme unatoka wapi. Leo nawaomba tuulize swali la pili: ukishafika mjini unakwenda wapi, na nani anaufuja?

Mimi nimepanda mapaa ya maghorofa haya mara nyingi kuliko nilivyopanda kitanda changu. Basi niwasimulie jengo moja. Jina silitaji, maana kesho nataka kula. (Kicheko.)

Ni ghorofa la vioo kuanzia chini mpaka juu, uso limeugeuzia jua la magharibi. Ukiingia mapokezi unapigwa na baridi kama la Makete. Ukutani, ndani ya fremu inayong'aa, kimetundikwa cheti cha kulipongeza jengo kwa kujali mazingira. Wasichana wa mapokezi wamevaa masweta mwezi wa pili, Dar es Salaam! Rimoti inasoma 18. Ghorofa za juu, walioshindwa na baridi wamefungua madirisha ili wapate joto la Mungu. Na Jumapili, jengo zima hamna mtu ila mlinzi na paka, mitambo inanguruma utadhani kuna harusi.

Nikamwendea msimamizi. Nikamwambia, mzee, ninunulie taima niifunge, mitambo ilale jioni watu wakiondoka na iamke asubuhi. Tena tusafishe machujio, yamejaa vumbi, mashine inavuta pumzi kama mgonjwa wa pumu. Akanitazama kama niliyemtukania mama yake. Akasema: "Fundi, umeme unakuhusu nini wewe? Wanalipa wapangaji."

Chini ya jengo lile alikuwapo kijana wa rika lenu, ana mashine mbili za fotokopi na kompyuta moja. Chumba chake hakikuwa na kiyoyozi, alikuwa na feni ya kichina. Lakini kila mwezi aliletewa karatasi ya gharama za pamoja: lifti asiyoipanda, baridi la mapokezi ambako haruhusiwi kukaa, na mitambo ya Jumapili wakati yeye yuko kwao Mbagala anafua. Alivumilia, mwisho akashindwa. Siku anapakia mashine zake kwenye guta nilikuwepo. Akanionyesha kile cheti kupitia mlango wa kioo, akaniuliza: "Kaka, kile wamepewa kwa kubana umeme wa nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nikaanza kufuatilia jambo hili la serikali na wakubwa kuyapa majengo vyeti vya sifa. Walioliendesha kwa ukubwa na kwa miaka mingi ni Wamarekani. Kwa hiyo twende kwao kwanza, tuone walikopatia na walikokosea, kisha turudi nyumbani.

MUHURI WA WAMAREKANI

Mwaka 1992 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la serikali ya Marekani, EPA, lilianzisha muhuri uitwao Energy Star. Ulianza na kompyuta. Kompyuta isiyofuja umeme ilibandikwa nyota ili mnunuzi aione dukani. Mwaka 1999 muhuri ukahamia kwenye majengo ya biashara na ya ofisi. Jengo la kwanza kuupata lilikuwa Ridgehaven, mjini San Diego. Na hilo lilikuwa jengo la ofisi za manispaa! Wakubwa wa mji ule walianza kufagia kwao kabla ya kumnyooshea kidole jirani.

Sasa sikilizeni unavyotolewa, maana hapa ndipo penye ufundi. Mwenye jengo haulizwi kachora nini wala katumia vioo vya aina gani. Anaulizwa bili. Anaingiza bili za miezi 12, za umeme, gesi na mvuke, kwenye programu ya EPA ambayo ni ya bure. Anaandika pia ukubwa wa jengo, saa za kazi, idadi ya wafanyakazi na kompyuta zao. Programu inalilinganisha na majengo ya aina yake nchi nzima, ofisi kwa ofisi, hospitali kwa hospitali, hata hali ya hewa ya mahali inahesabiwa. Mwisho jengo linapewa alama kati ya 1 na 100. Ukipata 50 wewe ni wa katikati. Ukipata 75 maana yake umewashinda wenzako 75 katika kila mia, na hapo unaruhusiwa kuomba muhuri. Kabla ya kupewa, mhandisi au msanifu mwenye leseni lazima alikague jengo na kutia saini yake. Na muhuri una mwaka wake. Mwakani unatakiwa kuomba upya kwa bili mpya.

EPA wenyewe wanasema majengo yenye muhuri hutumia, kwa wastani, nishati pungufu kwa asilimia 35 kuliko wenzao. Si haba.

Lakini je, mwenye jengo anapata nini zaidi ya kupigwa picha? Sheria waliyoipitisha mwaka 2007 ilisema kwamba kuanzia Desemba 2010 idara za serikali kuu zikitaka kupanga ofisi, zipange katika jengo lililopata muhuri ule ndani ya mwaka wa karibuni, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mnaliona hilo? Serikali ndiye mpangaji mnono. Mpangaji mnono akisema haingii kwako bila muhuri, utasafisha machujio bila kuombwa na fundi! (Makofi.)

SAA YA KUAMSHA INAYOTUMIA PETROLI

Msidhani nimekuja kuwapigia Wamarekani debe. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wa Marekani naye ni mgema.

Mwaka 2010 wakaguzi wa Bunge lao walifanya mtego. Hawa hawakugusa majengo, walishika upande wa vifaa vya dukani. Walibuni kampuni za uongo na vifaa 20 vya uongo, wakaviombea muhuri wa Energy Star. Vifaa 15 vikapewa! Kimojawapo kilikuwa saa ya kuamsha watu inayoendeshwa kwa petroli. (Kicheko.) Ndiyo, petroli, kama pikipiki. Kingine walikiita mashine ya kusafisha hewa, kumbe ni hita ya chumba iliyobandikwa ufagio wa manyoya na karatasi za kunasia nzi. (Kicheko kirefu.) Muhuri ulitolewa kwa maneno ya mwombaji mwenyewe.

Kwao ilikuwa aibu, ikaandikwa magazetini, na mwaka uliofuata vifaa vikaanza kupimwa kwanza na maabara zisizo za mtengenezaji. Mimi hapo nachukua somo moja: sifa inayotolewa bila mtu wa pembeni kupima ni danganya toto. Haijalishi ni Washington au ni hapa Posta.

MJI ULIPOFUNGUA DAFTARI

Kuna jambo la pili. Muhuri wa sifa unakuonyesha waliofaulu tu. Waliofeli wananyamaza. Ni kama shule inayobandika ukutani majina ya walioshika namba za juu, halafu madaftari ya waliobaki inayachoma moto. Mzazi atajuaje mtoto wake yuko wapi?

Mji wa New York uliliona hilo. Mwaka 2009 ulipitisha sheria kwamba kila jengo kubwa, la kuanzia futi za mraba 50,000, lipeleke bili zake zipimwe kila mwaka kwa kutumia programu ileile ya EPA. Na alama zitangazwe. Ukitaka usitake, utapimwa.

Mwaka 2012 alama za maghorofa ya biashara zikaanza kutoka, watu wakashika vichwa. Nitawatajia chache. Chrysler, jengo la mwaka 1930, mzee kabisa, lilipata 84. Empire State, la 1931, lilipata 80. Jengo la 7 World Trade Center, lililofunguliwa 2006 na kupewa daraja la dhahabu na baraza moja binafsi la majengo ya kijani, lilipata 74. Limekosa alama moja kufika pale serikali inapotoa muhuri! MetLife, la 1963, likapata 39. Na Seagram, la 1958, ghorofa la vioo na shaba ambalo wanafunzi wa usanifu dunia nzima hufundishwa kulisifu, lilipata ngapi?

(Sauti: Hamsini!)

Tatu. Tatu katika mia. (Kelele.)

Nisiwe mwongo, nieleze na upande wa pili. Jengo lenye watu wengi na mashine zisizolala usiku litakula zaidi, hata likijengwa na malaika. Alama moja haimalizi habari yote. Lakini angalieni kitu kinachoonekana. Wale wazee wawili wana kuta nene na madirisha ya kiasi. Seagram lilivikwa kioo cha tabaka moja toka chini hadi juu, enzi mafuta yalipokuwa bei ya maji. Sasa jiulizeni wenyewe: haya maghorofa ya vioo yanayoota mjini kwetu kama uyoga, kwenye jua la Dar es Salaam, yangepata ngapi? Babu zetu wa Pwani walijenga kuta nene za mawe, baraza mbele na dari ndefu, na hawakuwa na cheti hata kimoja.

HERUFI MLANGONI

Alama zilizolala kwenye makabati ya manispaa zinasomwa na wasomi. New York wakaongeza hatua. Walipitisha sheria mwaka 2018, wakairekebisha 2019, na kuanzia 2020 kila jengo la zaidi ya futi za mraba 25,000 linatakiwa kubandika herufi yake kwenye lango la kuingilia, mahali pa kuonekana na mpita njia. Alama 85 kwenda juu ni A. Kuanzia 70 ni B. Kuanzia 55 ni C. Chini ya hapo ni D. Asiyepeleka hesabu zake anapata F. Majengo mengi sana yalibandikwa D, pamoja na vioo vyao vyote na walinzi wao wenye tai.

Halafu wakaongeza meno. Sheria ya 2019 iliweka kikomo cha hewa chafu kwa majengo makubwa kuanzia mwaka 2024. Anayezidisha anatozwa faini ya dola 268 kwa kila tani iliyozidi. Kwanza walimsifu anayefanya vizuri, wakaja kumpima kila mtu, wakabandika matokeo mlangoni, mwisho wakamtoza mkaidi. Ngazi nne. Anayeishia ngazi ya kwanza kagawa peremende.

Na msisikilize anayesema jengo la zamani halirekebishiki. Empire State mwaka 2009 lilianza matengenezo makubwa. Lina madirisha 6,514. Hawakuyatupa. Walifungua karakana humohumo ndani ya jengo, wakavitoa vioo, wakaweka utando katikati na gesi ya kuzuia joto, wakavirudisha. Nyuma ya mabomba ya kupashia vyumba joto wakabandika vizuizi ili joto lisitorokee ukutani. Wakakarabati mitambo ya kupozea hewa, wakabadili taa, na wakampa mpangaji njia ya kuona mwenyewe anatumia kiasi gani. Hesabu za mradi ule zilikuwa kupunguza nishati kwa asilimia 38 na kuokoa dola milioni 4.4 kila mwaka. Hiyo ni kazi ya mikono, vijana. Kazi ya mafundi. Nani kati yenu hawezi kufundishwa kubadili dirisha?

Tena mwaka 2025 likatokea la ajabu. Mwezi wa Mei zilitoka habari kwamba serikali ya Rais Trump inataka kuifuta Energy Star. Miongoni mwa waliopiga kelele kuitetea walikuwamo wenye viwanda na wenye majengo makubwa, matajiri wenyewe. Walikuwa wamezoea kipimo cha bure ambacho mnunuzi na mpangaji wanakiamini. Kipimo cha haki hata tajiri anakitaka, ilimradi na jirani yake anapimwa.

TURUDI NYUMBANI

Majirani zetu Wakenya wamejaribu. Mwaka 2012 walitunga kanuni zilizomtaka kila mtumiaji mkubwa, wa kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka, awe kiwanda au jengo, afanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu na kutekeleza sehemu ya yale yatakayopendekezwa. Na umoja wa wenye viwanda wao, pamoja na wizara ya nishati, wamekuwa wakitoa tuzo kwa wanaofanya vizuri. Ukaguzi pamoja na tuzo, huo ni mwendo mzuri. Ila mpita njia wa Moi Avenue hasomi chochote mlangoni.

Na sisi? Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wake wote, wakubwa na wadogo, taasisi za serikali zikiwamo. Wananchi tulishangilia. Mlalahoi ananunua LUKU ya elfu mbili, uniti zikiisha anakaa gizani saa ileile. Kumbe kuna ofisi za umma zilikuwa zikila umeme kwa mkopo! Lakini hebu tujiulize: pamoja na kudai deni, nani alikwenda kupima deni lile limetokana na nini? Taa zinazowaka usiku kucha? Viyoyozi vya miaka 20? Madirisha yaliyofunguliwa baridi likaenda kupoza barabara?

Najua yupo atakayesema: fundi, hayo yamepitwa na wakati, Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, mitambo ilianza kuwashwa mwaka 2024, umeme sasa upo, kubana kwa nini? Namjibu hivi. Pipa likijaa maji, ndiyo sababu ya kuacha bomba linavuja? Bwawa ni fedha zetu. Kila uniti inayopoza ofisi tupu siku ya Jumapili ingeendesha kinu cha kusaga mahali fulani, au mashine ya kuchomelea ya mmoja wenu hapa. Tena bwawa hujazwa na mvua, na mvua haijasaini mkataba na mtu.

Kwa hiyo madai yetu yawe haya matatu, na yeyote atakayekuja kuomba kura mbele yenu, wa chama chochote, mumuulize.

La kwanza, majengo ya serikali yaanze. Kila wizara, kila halmashauri, kuanzia Mtumba kule Dodoma hadi hapa jijini, itangaze kila mwaka imetumia uniti ngapi kwa kila mita ya mraba. Mita zipo, bili zipo, kinachokosekana ni karatasi na gundi ya kubandikia mlangoni. San Diego walianza na ofisi za manispaa yao.

La pili, hakuna cheti cha sifa bila bili za miezi 12 na mkaguzi asiyelipwa bakshishi. Na kiwe na tarehe ya kwisha, kama leseni ya udereva. Cheti kinachokaa ukutani mpaka kinafifia hakimsaidii mtu.

La tatu, mpangaji aone. Kila mwenye chumba, hata wa fotokopi, awe na mita yake, na gharama za pamoja zichanganuliwe: lifti kiasi hiki, mapokezi kiasi hiki, Jumapili kiasi hiki. Siku mwenye jengo atakapolazimishwa kubeba sehemu ya baridi lake mwenyewe, atanipigia simu usiku kuulizia taima.

Hapo ndipo ajira inapoingia. Kupima, kuziba, kusafisha, kubadili taa, kufunga mita: hizo si kazi za mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Kijana aliyetoka VETA na ngazi yake na bisibisi anaziweza. Lakini hakuna atakayemwajiri ikiwa kufuja hakumgharimu mfujaji kitu.

Namalizia na yule kijana wa fotokopi. Siku hizi yuko kwenye kibanda karibu na kituo cha daladala, anahangaika na feni yake ileile. Nilimpitia juzi, nikamwambia, mdogo wangu, lile swali lako nimelipatia jibu. Walipewa cheti kwa kuubana umeme ambao hakuna aliyeupima, na uliofujwa ukalipiwa na wewe.

Akacheka, akaniambia: "Basi kaka, cheti kile kilitakiwa kiandikwe jina langu." (Makofi.)

Na anayetoka wa mwisho, azime feni.